Matundu Mengi, Msikilizaji Mmoja

Zunguka nyuma ya kompyuta mpya dukani: matundu ya USB yapo, la mtandao lipo, la skrini lipo. Poti ya siriali, ile yenye pini 9, huioni. Lakini nenda kwenye mizani ya malori, kwenye maabara au karakana ya kukata chuma, utakuta kebo yake bado iko kazini. Mizani ya malori hujengwa itumike miaka mingi, na kompyuta inayoisoma hufa na kubadilishwa mara kadhaa kabla mizani yenyewe haijachoka. Ndiyo maana kadi za kuongeza poti za siriali zingali zinauzwa.

Kiwango cha RS-232 kilitoka mwaka 1960, na kwa kazi nyingi nyaya tatu zinatosha: wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi. Biti hupita moja baada ya nyingine. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, na kila herufi ikichukua biti 10 pamoja na ya kuanzia na ya kumalizia, hupita herufi 960 kila sekunde. Ujumbe wa mizani ni mfupi: alama kwamba uzito umetulia, namba, kisha kg. Hufika kabla dereva hajazima injini.

Shida huanza mashine zinapokuwa nyingi na kompyuta ni moja. Wengi hudhani kinachopungua ni matundu. Kinachopungua ni usikivu wa prosesa.

IBM PC ya mwaka 1981 haikuja na poti ya siriali. Ilikuwa na sloti 5, na kadi za skrini na diski zilichukua mbili. Aliyetaka modemu alichomeka kadi nyingine, nayo ilidai vitu viwili: anwani, na laini ya kukatiza, yaani waya ambao poti huutumia kuiambia prosesa iache inachofanya ije kuchukua herufi. Baadaye anwani zilizozoeleka zilikuwa nne, COM1 hadi COM4, lakini laini zilibaki mbili: COM1 na COM3 zilipewa namba 4, COM2 na COM4 namba 3. Kadi za wakati huo, za aina ya ISA, hazikuundwa kugawana laini. Kwa hiyo kipanya kikiwa COM1 na modemu COM3, kusogeza kipanya kuliweza kuigandisha modemu. Ushauri wa kutogusa kipanya ukiwa hewani ulikuwa sahihi kabisa kitaalamu.

Fundi aliyetaka suluhisho alifungua kasha na kuhamisha vijumpa, vile vipande vya plastiki vinavyounganisha pini mbili za kadi, hadi apate laini isiyo na mwenyewe. Hata hivyo herufi hazisubiri. Chipu ya 8250, iliyoendesha poti hizo, ilihifadhi herufi moja tu iliyopokelewa. Kwa kasi ya biti 115,200, nyingine hufika baada ya sehemu 87 hivi za milioni ya sekunde. Prosesa ikichelewa, ya kwanza imepotea. Chipu ya 16550A iliweka akiba ya herufi 16, na hapo prosesa ikapumua. Kadi za poti 4 au 8 zikaongeza ujanja wao: poti zote ziite kwa laini moja, na rejista ndani ya kadi ioneshe ni ipi iliyoita.

PCI, aina mpya ya sloti iliyotoka mwaka 1992, iliruhusu kadi kugawana laini na kuiachia kompyuta na mfumo wake kazi ya kugawa anwani. Vijumpa vikastaafu. Lakini hakuna masika yasiyo na mbu: programu za zamani za DOS zilizozoea kuikuta COM1 kwenye anwani 3F8 zilifika hapo zikakuta hakuna mtu.

Leo wengi hununua adapta ya USB, na kwa kuchomeka kifaa mara moja moja inafaa sana. Tatizo lake ni utambulisho. Adapta nyingi za bei nafuu hazina namba ya kipekee, hivyo Windows huitambua kila moja kwa tundu ilipochomekwa. Mfanya usafi akiihamishia tundu la jirani, COM3 huamka ikiwa COM7, na programu ya mizani hutangaza kwamba mizani haipo, huku lori la tani 40 likiwa juu yake.

Kadi ya PCI Express hufungwa kwa skrubu na haihami kwa bahati mbaya. Kabla ya kuinunua, angalia kwanza kama mfumo wako una draiva yake, kisha kama bamba lake linaingia kwenye kasha jembamba. Idadi ya poti iangalie mwisho, maana hiyo muuzaji ameshaiandika kwa herufi kubwa. Mashine itakayosomwa kila siku kwa miaka inastahili poti isiyobadilisha jina.