Muziki wa uani hautaki sabufa

Ikifika Jumamosi jioni, katika nyumba nyingi za Dar es Salaam sebule huhamia uani. Jiko la mkaa linawashwa, viti vya plastiki vinapangwa, na vijana wawili wanatoka wamebeba sabufa iliyokuwa chini ya televisheni, ekstensheni ikiburuzwa nyuma yao. Muziki ukianza tu, mambo yanakwenda mrama. Aliyekaa karibu na sabufa anapaza sauti ili mwenzake amsikie, na mashangazi waliokaa chini ya mwembe wanaomba iongezwe. Inaongezwa. Baada ya muda jirani yuko getini.

Wengi wakifika hapo hudhani dawa ni kununua kubwa zaidi. Ushauri wangu ni kinyume chake: nunua ndogo, nunua mbili, uzisogeze kwa watu.

Chumbani sauti hugonga kuta na dari ikamrudia msikilizaji. Nje hakuna cha kuirudisha. Mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Tuseme mashangazi wako mita 8 na unataka wapate desibeli 70, muziki wa kutosha bila kukatiza mazungumzo. Ukipima mita 1 mbele ya spika, utakuta inabidi itoe desibeli 88. Aliyekaa mita 2 atapigwa na 82, na jirani aliye mita 16 atapelekewa 64, ambazo zinazidi sauti ya watu wawili wanaoongea kawaida. Sasa gawa kazi. Weka spika mbili, kila moja mita 2 kutoka kwa kundi lake, kila kundi lipate zile 70. Kwa jirani yule yule, zote mbili kwa pamoja zitafika na desibeli 55 tu. Ukuta na mabati vitabadilisha namba hizi kidogo, lakini sikio la jirani litaona kama umepunguza sauti karibu nusu, na hakuna mgeni wako aliyekosa kitu.

Wati nazo zimetudanganya vya kutosha. Kuziongeza mara mbili hukupa desibeli 3 tu. Ili muziki usikike mkubwa mara mbili unahitaji wati mara 10. Halafu angalia zilivyoandikwa. Maboksi mengi Kariakoo yana maelfu ya wati kwa herufi kubwa, na pembeni kwa herufi ndogo PMPO, kipimo ambacho hakina maana yoyote kwa mnunuzi. Tafuta iliyoandikwa RMS. Muuzaji akishindwa kukuonyesha, hamia duka la pili.

Na ile besi? Sauti nzito ndiyo inayopotea kwanza uwanjani, kwa kuwa nje hakuna pembe za chumba za kuisaidia, na ndiyo inayovuka ukuta wa matofali kirahisi kuliko zote. Kwa hiyo wewe unaongeza kwa sababu huisikii, naye jirani kitandani hasikii wimbo, anasikia dundo peke yake. Ukipenda besi kidogo, isogeze spika karibu na ukuta wa nyumba yako, itaongezeka bila kugusa kitufe. Kwa taarabu na dansi la zamani, ambako raha yenyewe iko kwenye maneno na magitaa, sioni sabufa ina kazi gani uani.

Kwa uwanja wa kawaida wa mijini, spika mbili za Bluetooth zenye betri zake zinatosha. Hazitaki waya juu ya majani yaliyolowa, na umeme ukikatika zinaendelea kuimba. Nunua mbili za toleo moja, siku moja, kwa sababu kampuni hubadilisha mfumo wa kuziunganisha. JBL Flip 6, kwa mfano, hutumia PartyBoost. Flip 7 iliyoifuata hutumia Auracast, na hizo mbili hazishikani. Bandia ziko tele, hivyo omba kuiunganisha palepale dukani na programu ya kampuni kwenye simu yako. Mara nyingi ya bandia haitambuliki. Simu yenyewe isikae mfukoni mwa mtu anayezungukazunguka, maana mwili wa binadamu huzuia mawimbi ya Bluetooth. Pakua nyimbo mapema na uiweke kwenye hali ya ndege, kisha uwashe Bluetooth, ili kila anayepiga asikatize wimbo.

Mvua za masika hazina taarifa, kwa hiyo soma alama ya IP. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IPX4 huvumilia kurushiwa maji kutoka kila upande. IP67 haipitishi vumbi na hustahimili kuzama hadi mita 1 kwa nusu saa. X maana yake upande huo haukupimwa. Hata hivyo, vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, si ya bahari. Walioko Kigamboni na Mbezi Beach wanajua upepo wa chumvi unavyokula bawaba za milango; hauwezi kuacha tundu la kuchajia. Ifute kwa kitambaa chenye maji baridi, ikauke, ndipo uichaji.

Anayetaka kitu cha kudumu afunge spika za nje chini ya paa la kibaraza, zikitazama chini kwa wageni na kuupa mgongo ukuta wa jirani. Amplifaya ibaki ndani. Hapa fundi huharibu kwenye waya. Waya mwingi wa bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba: ukwangue kwa kisu, ukiona weupe, mrudishie. Kwa spika ya ohm 8, shaba halisi ya milimita za mraba 1.5 inatosha hadi mita 15. Ukizidi hapo nenda 2.5.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, si mgeni kwenye baa zenye makelele. Kwa jirani zetu Kenya, kanuni za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika maeneo ya makazi, na usiku wao unahesabiwa kuanzia saa 2:01. Kwetu uswahilini kesi kama hizi huishia kwa mjumbe, na adhana ikisikika hakuna anayehitaji kanuni kumwambia apunguze. Ukishawasha, toka nje ya geti, simama upande wa jirani, usikilize mwenyewe.

Na kama ndiyo kwanza unajenga, usimruhusu fundi apange pevingi kabla hajalaza paipu ya waya kutoka sebuleni hadi kwenye mwembe. Paipu ni bei ndogo. Kung'oa pevingi si bei ndogo.