Kidole Cheusi na Taa Nyekundu

Mgonjwa akifikishwa mapokezi akihema kwa shida, aghalabu cha kwanza kumgusa si mkono wa daktari. Ni kibanio cha plastiki, ndugu yake kibanio cha nguo, kinachomng'ata ncha ya kidole. "Mama, sugua viganja kidogo, vidole vina baridi," muuguzi anasema. Kisha wote watatu, muuguzi, mgonjwa na mwanawe aliyemleta, wanakodolea tarakimu mbili zinazowaka. 95. Kila mtu anashusha pumzi, isipokuwa mgonjwa, ambaye pumzi ndiyo iliyomleta.

Ndani ya kibanio hicho mna taa mbili ndogo za LED upande mmoja, na upande wa pili kihisi cha mwanga. Taa moja ni nyekundu, wimbi lake nanomita 660 hivi. Ya pili, ya infraredi, haionekani kwa macho. Yake ni kama 940. Himoglobini iliyobeba oksijeni huuachia mwanga mwekundu upite, na iliyokosa oksijeni huumeza. Ukilinganisha mwanga uliopenya wa taa zote mbili, unajua damu imebeba kiasi gani. Shida ni kwamba kidoleni hamna damu peke yake. Mna ngozi, nyama, mfupa na kucha, na kila kimoja kinakula sehemu yake ya mwanga.

Aliyelifumbua fumbo hilo hakuwa akilitafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Takuo Aoyagi, mhandisi wa kampuni ya Nihon Kohden huko Japani, alikuwa akitaka kujua moyo unasukuma damu kiasi gani. Njia yake ilikuwa kudunga rangi mshipani na kuifuatilia kwa mwanga unaopenya sikio. Mapigo ya moyo yakawa yanamtilia mawimbi kwenye mchoro wake. Akajaribu kuyafuta kwa kutumia mwanga wa wimbi la pili, akaona kwamba oksijeni ikipungua mwilini, hesabu ya kufuta inavurugika. Mtu mwingine angelaani na kwenda kunywa chai. Aoyagi akang'amua kwamba ile kero ndiyo kipimo chenyewe: kinachopwita ni damu ya ateri, na kilichotulia ni vingine vyote. Toa kilichotulia, ubaki na damu. Kampuni yake iliomba hataza mwaka 1974. Yeye alifariki Aprili 2020 akiwa na miaka 84, wakati dunia nzima imebanwa kidole kwa ajili ya korona.

Kwa hesabu hiyo, rangi ya ngozi haina neno. Ngozi haipwiti, basi inajitoa yenyewe. Hesabu ni nzuri, ila mashine haiioni oksijeni. Inachokiona ni uwiano wa mianga miwili. Ili uwiano ugeuke kuwa asilimia panahitajika jedwali, nalo hutengenezwa kwa watu. Vijana wenye afya huvutishwa hewa yenye oksijeni kidogo, huchukuliwa damu ya ateri, na matokeo ya maabara hulinganishwa na ya kibanio. Vijana gani? Mwongozo wa mwaka 2013 wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ulitaka watu wasiopungua 10, na miongoni mwao angalau 2 wenye ngozi nyeusi, au asilimia 15 ya kundi. Wawili wanatosha kucheza bao. Kuwakilisha weusi wote wa dunia ni kazi nzito kidogo.

Matokeo yake, kibanio hukosea zaidi kwenye ngozi nyeusi. Maelezo yanayotolewa sana ni haya: taa ya LED haitoi wimbi moja safi, hutoa mkanda wa mawimbi yaliyokaribiana, na melanini ya ngozi humeza mwanga mwekundu kuliko infraredi. Mwanga unaoifikia damu chini ya ngozi nyeusi unakuwa hafifu, tena si ule ule uliotumika kutengeneza jedwali.

Kasoro hii iliandikwa kwenye majarida ya tiba mwaka 1990, ikaandikwa tena 2005. Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake walichapisha uchunguzi wao katika New England Journal of Medicine. Waliwachukua wagonjwa ambao kibanio kiliwapa asilimia 92 hadi 96, wakatazama damu yao ya ateri. Miongoni mwa weusi, asilimia 11.7 walikuwa chini ya 88, kiwango cha hatari. Kwa weupe, asilimia 3.6. Habari haikuwa mpya. Wasomaji ndio walikuwa wapya.

Tena mashine inakosea kwa upole: inaongeza. Ingekuwa inapunguza, mgonjwa angepewa oksijeni asiyoihitaji sana. Inapoongeza, anaambiwa asubiri kwenye benchi. Na piko nyeusi kwenye kucha za bibi harusi inaweza kuziba mwanga kabisa. Lakini hiyo walau inafutika au kibanio kinahamishiwa sikioni. Ngozi haihamishiki.

Sisemi kitupwe. Kabla yake, mtoa usingizi alikuwa akikagua midomo ya mgonjwa kama imegeuka bluu, na jicho nalo hubabaika mbele ya mtu mweusi kuliko mashine yoyote. Kibanio kimeokoa watu vyumba vya upasuaji, na bado kinaokoa.

Januari 2025 FDA ilitoa rasimu ya mwongozo mpya, inayopendekeza kujaribu vifaa vya hospitali kwa watu 150 au zaidi, wenye rangi za ngozi za aina zote. Kutoka 10 hadi 150 ni mwendo. Lakini sisi tusio na haja ya kipimo cha rangi ili kujua wagonjwa wetu ni wa rangi gani, tumekuwa tukinunua vibanio kwa bei na kwa udhamini wa mwaka mmoja. Zabuni ijayo iwe na mstari mmoja wa ziada: kifaa hiki kilijaribiwa kwa watu weusi wangapi, na kilikosea kwa kiasi gani? Mtengenezaji aliyewapima ana jibu. Asiye na jibu, tusinunue kwake.