Taka za Mwili na Mazingira: Mfano wa Kinamasi cha Dunga

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno taka na uchafu hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Hata hivyo, taka ni mabaki ya kazi iliyokwisha kufanyika, ilhali uchafu ni hali inayozuka mabaki hayo yanapokaa mahali pasipoyafaa. Makala haya yanafafanua tofauti hiyo kwa kulinganisha mwili wa binadamu na kinamasi cha Dunga, kando ya Ziwa Viktoria, karibu na mji wa Kisumu.

Kila kiumbe hai huzalisha taka. Chakula kinapotumika kuupa mwili nguvu, hubaki hewa ya kaboni dioksidi ambayo hutolewa na mapafu. Protini zinapovunjwa hutokea amonia, ambayo ni sumu. Ini huigeuza kuwa yurea, nazo figo huichuja kutoka katika damu. Kwa siku moja, figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji, lakini mkojo unaotoka ni kama lita 1.5 tu, yaliyosalia hurudishwa mwilini. Figo zikishindwa kufanya kazi, mwili hudhuriwa na sumu uliyoizalisha wenyewe.

Taka zikishatoka mwilini hazipotei. Bakteria huirejesha yurea kuwa amonia, kisha huifanya naitreti, ambayo pamoja na fosfati ni chakula cha mimea. Shambani, hiyo ni mbolea. Katika Ghuba ya Winam, yenye kina kifupi na mlango mwembamba wa kuingilia ziwa kuu, hiyo ni balaa, kwani hustawisha mwani na gugumaji. Gugumaji lilienea ziwani katika miaka ya 1990 na, licha ya fukusi walioletwa kulitafuna, hurudi mara kwa mara. Likiziba ufuo, mashua za wavuvi wa Dunga hukwama. Likioza, oksijeni hupungua majini na samaki huathirika.

Hapo ndipo umuhimu wa mafunjo ya Dunga unapodhihirika. Mafunjo hupunguza kasi ya maji yatokayo mjini, tope likatuama, mizizi ikafyonza naitrojeni na fosforasi. Kwa maana hiyo, kinamasi ni figo za ziwa. Wakazi wanapoyakata mafunjo kwa kiasi ili kusuka mikeka na viti, huviondoa virutubishi hivyo majini, nayo mafunjo huchipuka tena. Yakichomwa au kung'olewa ili kupisha mashamba na majengo, kichujio hutoweka. Tena, kama zilivyo figo, kinamasi kina kikomo: hakiwezi kuyeyusha plastiki.

Kwa kuhitimisha, ikumbukwe kwamba sehemu ya maji ya bomba ya Kisumu huchotwa ziwani papo hapo Dunga na kusafishwa. Kilichotoka mwilini hulielekea ziwa, na maji ya ziwa huurudia mwili. Wahenga walinena kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Anayeharibu kinamasi huharibu kikombe chake.