Mito ya Mahenge na Fumbo la Ubongo

Chalinze ndipo barabara inapogawanyika. Mabasi ya Tanga na Arusha hukata kulia kuelekea Segera, ya Morogoro huendelea mbele, na kote yanakokwenda kuna milima yenye mito ya kasi: Usambara upande mmoja, Uluguru na, mbali zaidi, Mahenge upande mwingine. Katika maji hayo yanayopiga mawe huzaliana nzi weusi wadogo wanaoeneza minyoo ya usubi. Usubi unajulikana kwa kuwasha ngozi na kupofusha macho. Ni wachache wanaojua kwamba unatajwa pia katika mjadala mkubwa kuhusu ubongo.

Kidonda kikifura na kuwa cha moto, hapo kinga ya mwili iko kazini. Hali hiyo kitaalamu huitwa inflamesheni. Ubongo nao una walinzi wake, seli za mikroglia, alizozieleza Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919. Wanafanya kazi ya sungusungu: kuzunguka usiku na mchana, kukamata wageni, kuzoa seli zilizokufa. Sungusungu wakikaa na hasira miaka nenda rudi, huanza kupiga hata wenye nyumba. Katika magonjwa ya Alzheimer na Parkinson walinzi hao hukutwa wamechachamaa. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba wenye hitilafu fulani katika jeni ya TREM2, inayoongoza mikroglia, wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata Alzheimer. Swali linalobaki ni gumu: wao ndio wauaji, au wamekuja mazikoni tu?

Kwa wazee ni vigumu kujibu, kwa sababu ugonjwa huchukua miongo kujijenga na chanzo chake hakionekani. Mahenge ni tofauti: huko ugonjwa huwapata watoto, na kinachoshukiwa, usubi, kinajulikana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta huko Wapogoro, wenyeji wa Mahenge, wengi wenye kifafa. Wengine walikuwa na makovu ya kuangukia motoni, na watu waliogopa kuwagusa wakidhani mate yao yanaambukiza. Alifungua kliniki. Akawaona pia watoto ambao vichwa vyao vilidondoka mbele tena na tena, kama wanaosinzia, hasa wakiwekewa chakula. Baada ya muda baadhi yao walidumaa na akili ikarudi nyuma. Ugonjwa huo wa kutikisa kichwa ulikuja kuonekana Sudan Kusini, kisha Kitgum na Pader kaskazini mwa Uganda, na huko nako usubi ulikuwepo.

Mnyoo unaudhuruje ubongo? Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba baadhi ya wagonjwa wana kingamwili dhidi ya leiomodini-1, protini inayofanana na ya mnyoo na inayopatikana pia katika ubongo. Yaani kinga inaupiga mnyoo na kumjeruhi mwenyeji. Dhana ya kuvutia, ingawa uchunguzi uliofuata haukuiunga mkono kwa uzito uleule.

Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya bongo za vijana watano wa Uganda waliofariki: ndani yake mlikuwa na mafundo ya protini ya tau, kama yale yanayopatikana kwa wazee wenye Alzheimer. Mwaka uliofuata timu nyingine ilichunguza bongo za marehemu wengine wa huko, ikasema kinachotawala ni inflamesheni wala si tau. Mnyoo wenyewe haikuuona.

Huenda timu zote mbili ziko sahihi, kila moja ikitazama hatua yake ya ugonjwa uleule. Hata hivyo, kazi ya kuzuia ugonjwa haikusubiri ugomvi wao uishe. Mahenge imekuwa ikigawiwa ivermektini, dawa ya minyoo hiyo, tangu 1997, lakini uchunguzi wa 2017 wa watu zaidi ya 5,000 bado ulikuta kifafa kwa takriban asilimia 2.5, na zaidi katika vijiji vya ndani. Kaskazini mwa Uganda, dawa ilipotolewa mara mbili kwa mwaka na mito ikapuliziwa, watoto wapya wa kutikisa kichwa walipungua mno. Mwaka 2019 Mahenge nayo ikaanza mara mbili.

Wagawa dawa hupima kimo kwa fimbo, na mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi. Ugonjwa huweza kuanza akiwa na miaka mitatu, na wakati huo usalama wake uko katika vidonge wanavyomeza majirani.