Jina la Timu ni Mali ya Nani?

Kalamba ni soko la Wakamba katika kaunti ya Makueni, si mbali na mlima wa Nzaui. Anayetaka kujua jinsi watu wa huko wanavyoyashikilia majina yao na aitazame orodha ya wadi za uchaguzi. Wadi yao inaitwa Nzaui/Kilili/Kalamba, majina matatu yaliyoshonwa pamoja kwa mikwaju miwili, na nadhani ni kwa sababu hapakuwa na upande uliokuwa radhi jina lake limezwe na la jirani.

Nilikuwa huko kwa shughuli za darsa, na jioni moja baada ya Alasiri niliwakuta vijana wa timu ya pale wakibishana mbele ya duka la mwenyeji wangu. Mtu mmoja mwenye nia ya kugombea kiti alikuwa amewaahidi jezi seti mbili, mipira na nauli ya mechi za ugenini. Sharti lake lilikuwa moja, nalo ni kwamba timu iache jina la kijiji na ichukue lake yeye. Nusu ya vijana walitaka, nusu walikataa. Mmoja wao akasema, “Jina halifungi bao, sheikh.” Mwenzake akamjibu, “Basi anza wewe kubadilisha la kwako.”

Aliyewanyamazisha wote ni mama mmoja auzaye chai na maandazi hapo kando, ambaye mwanawe ndiye mlinda lango. Alisema bila ya kuinua macho kutoka jikoni mwake, “Jezi hizo mimi ndiye nitakayezifua. Zitapauka kabla ya uchaguzi. Naye akishindwa, nyinyi mtaitwa nani?”

Waliniuliza hukumu. Niliwaambia kwamba hilo si suala la halali na haramu, bali ni la busara na mashauriano. Nikawasimulia kisa cha Hazn kilichopokewa na Imamu Bukhari. Mtu huyo alifika mbele ya Mtume (S.A.W.), akaulizwa jina lake, akasema ni Hazn, maana yake ugumu. Mtume akamtaka aitwe Sahl, yaani wepesi, naye akakataa kwa kuwa hawezi kuliacha jina alilopewa na babake. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, alikuwa akisema kwamba ugumu ule uliendelea kubaki katika ukoo wao. Masheikh hukitaja kisa hiki kuhimiza majina mema, na ni sawa. Ila mimi huvutiwa pia na jambo jingine: aliyependekeza ni mbora wa viumbe, pendekezo lenyewe lilikuwa la heri, na hata hivyo Hazn hakulazimishwa.

Kina mama wengi wasomao ukurasa huu watauliza mpira unatuhusu nini. Unatuhusu kwa sababu watoto wetu wamo humo, nasi wa Pwani hatukuanza jana. Klabu ya Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka wa 1965, na wazee wa mji hadi leo hulitaja jina hilo kama watajavyo jina la ndugu aliyefariki. Bandari, ambayo vijana wetu huishabikia sasa, ilizaliwa mwaka wa 1985 kwa kuunganishwa timu mbili, Cargo na LASCO. Majina hayo mawili yalikwenda na maji, na sikumbuki kumsikia mtu akiyalilia. Kwa hivyo si kila jina la timu lina mizizi. Lenye mizizi hujulikana pale mtu anapojaribu kuling’oa.

Jaribio kubwa kuliko yote nchini lilikuwa mwaka wa 1980. Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilivunja vyama vya kikabila, miongoni mwao GEMA, Luo Union na New Akamba Union, kile chama cha Wakamba ambacho wazee wa Kalamba bado wanakikumbuka. Amri hiyo haikuviacha vilabu vya kandanda, vikaambiwa viondoe majina ya makabila. Nia ilielezwa kuwa ni umoja wa taifa, na mwenye insafu hawezi kusema kwamba uwanja wa mpira ulikuwa hauna ukabila. Lakini tazama vilabu vilivyotii.

Abaluhya, klabu iliyoanzishwa mwaka wa 1964, ikajiita All Footballers Confederation. Kichukue kifupisho chake, AFC, kisha ujiulize kingesimamia nini kabla ya hapo: Abaluhya Football Club. Herufi ni zile zile. Baadaye wakaongeza Leopards, na mashabiki wakalitia neno hilo katika lugha yao wenyewe, Ingwe, ambalo kwa Kiluhya ni chui. Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka wa 1968, ikaandikwa Gulf Olympic Rangers. Hapana ghuba wala Olimpiki iliyohusika hapo. Lililotafutwa ni herufi tatu za mwanzo, G, O na R, ili Gor abaki amejificha ndani ya jina lililoletwa kumfuta. Na Luo Union, waliokuwa mabingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka wa 1976 na 1977, wakajiita Re-Union.

Klabu tatu, na hila ni moja. Makaratasi ya serikali yalipata kilichotakiwa, nao mashabiki wakabaki na chao. Gulf Olympic Rangers haikukaa. Klabu ilirudi kwenye jina lake, na kwa jina hilo ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka wa 1987. Re-Union ndiyo iliyofifia, na leo kijana wa miaka ishirini hajui kwamba ilikuwepo.

Niseme hapa, kwa kuwa najua kuna atakayenikumbusha, kwamba Gor Mahia mwenyewe alikuwa mganga mashuhuri wa Kiluo aliyesifiwa kwa miujiza yake. Mwislamu anayeimba jina hilo siku ya Jumapili na afahamu anaimba nini. Sisemi amekufuru. Nasema afahamu.

Majirani zetu wa Tanzania wanatupa mfano wa jina lililobadilika na likakubalika. Klabu ya Simba ilianzishwa mwaka wa 1936. Iliitwa Queens, kisha Eagles, kisha ikawa Sunderland, jina la klabu ya Uingereza. Mwaka wa 1971, wakati nchi ilipokuwa ikiyavua majina ya kigeni, ikawa Simba. Ni nani leo pale Msimbazi anayetaka kurudi Sunderland? Jina la zamani lilikuwa la kuazima, na jipya mtoto alilielewa siku ile ile aliyolisikia. Hilo ni jambo mbali kabisa na kumvua mtu nguo yake na kumvika yenye jina la mwingine.

Kuna pia majina yanayokuja na biashara. Klabu ya Kenya Breweries iligeuzwa Tusker mwaka wa 1999, yaani ikatoka kwenye jina la kiwanda cha pombe ikaingia kwenye jina la pombe yenyewe. Kwetu sisi hapo hapana mjadala mrefu.

Mfano ulionifunza zaidi uko mbali, katika mji wa bandari wa Hull, mashariki ya Uingereza. Assem Allam alizaliwa Misri, akahamia mji huo mwaka wa 1968, akasoma, akafanya kazi, akatajirika. Mwishoni mwa 2010 aliinunua Hull City, klabu iliyoanzishwa mwaka wa 1904, ikiwa imezama katika madeni, akaiokoa kwa fedha zake. Katika msimu wa 2012 na 2013 ikapanda hadi Ligi Kuu. Ndipo mwezi wa Agosti 2013 akatangaza kwamba anataka klabu iitwe Hull Tigers, kwa lakabu yake ya chui-milia. Hoja yake ilikuwa ya mfanyabiashara: neno City limejaa katika vilabu vya Uingereza, na jina fupi lenye nguvu litauzika ng’ambo.

Mashabiki wakaunda kundi walilolipa jina la City Till We Die, yaani wao ni wa City hadi kufa. Tajiri yule, kwa hasira, akasema hadharani maneno ya kwamba kama ni kufa basi na wafe watakapo. Ni mtu aliyewatendea wema mkubwa, na neno moja likawafanya wengi wausahau. Wazee wetu wa Pwani husema kauli njema hutoa nyoka pangoni, nayo kauli mbaya humrudisha hata yule aliyekwisha toka.

Klabu iliwaandikia wenye tiketi za msimu kuwauliza. Kati ya watu 15,033 walijibu 5,874. Waliokubali walikuwa 2,565, waliokataa 2,517, na 792 wakasema halikuwa jambo kubwa kwao. Tofauti ni kura 48. Lakini swali lenyewe halikuwa safi, kwa kuwa jibu la ndiyo lilifungamanishwa na familia ya Allam kuendelea kuiongoza klabu. Muulizwa hakuulizwa juu ya jina peke yake, aliulizwa pia kama anataka mfadhili aondoke. Vijana wa Kalamba waliulizwa swali lile lile, kwa fedha chache zaidi. Mashauriano ambayo upande mmoja umeshika mkoba wazi mkononi ni mashauriano ya jina tu.

Mwezi wa Aprili 2014 baraza la chama cha mpira cha Uingereza likalikataa ombi hilo. Mwezi uliofuata Hull City, kwa jina lake la miaka 110, ilicheza fainali ya Kombe la FA dhidi ya Arsenal. Ilitangulia kwa mabao mawili, kisha ikafungwa matatu kwa mawili. Allam aliendelea kuimiliki kwa miaka kadhaa kabla ya familia yake kuiuza mwanzoni mwa 2022, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo akafariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Lipo tukio moja lililozikutanisha habari hizi mbili. Mwezi wa Mei 2018 Hull City ilisafiri hadi Nairobi, ikacheza na Gor Mahia katika uwanja wa Kasarani. Klabu moja ilikuwa imenusurika kubadilishwa jina na serikali, nyingine imenusurika kubadilishwa jina na tajiri wake. Dakika tisini ziliisha bila ya bao, na Hull ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Mashabiki wa pande zote mbili waliimba majina waliyoyarithi kwa baba zao. Na kifuani mwa wachezaji wa timu zote mbili, kwa herufi kubwa kuliko nembo za klabu zenyewe, kulikuwa na jina la kampuni moja tu, nayo ni ya kamari. Sikusikia shabiki wa upande wowote aliyeunda kundi kwa ajili ya hilo.