Padre Saccheri na Kosa Lililojificha katika Mstatili

Chukueni karatasi. Choreni mstari AB. Katika A na B simamisheni mistari miwili yenye urefu sawa, AD na BC, kila mmoja kwa pembe ya nyuzi 90. Unganisheni D na C. Je, huo ni mstatili?

Mwanafunzi wa sekondari atasema ndiyo. Atachora ulalo AC na kudai kwamba, kwa kuwa DC ni sambamba na AB, ulalo huo unafanya pembe sawa na mistari yote miwili. Mwalimu atampa alama zake. Lakini dai hilo linasimama juu ya kanuni ya 5 ya Euclid kuhusu mistari sambamba, na kanuni hiyo ndiyo watu waliyokuwa wakijaribu kuithibitisha kwa karne nyingi. Huwezi kuazima kile unachotaka kukithibitisha.

Padre Girolamo Saccheri, Mjesuiti aliyefundisha Pavia, Italia, aliliona hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1733, mwaka aliofariki, alianza kwa uangalifu. Pembetatu ABD na BAC zinalingana, hivyo AC ni sawa na BD. Kwa hiyo pembetatu ADC na BCD nazo zinalingana, na pembe za juu, D na C, ni sawa. Hapa hakuna sambamba iliyoguswa. Hatua hii ni safi kabisa.

Zikabaki njia tatu: pembe hizo ni za nyuzi 90, ni butu, au ni kali. Njia ya pembe butu aliibomoa kwa haki, akichukulia kwamba mstari mnyofu hurefuka bila kikomo. Ile ya pembe kali ilimsumbua. Alitoa matokeo mengi, moja baada ya jingine, wala hakupata mgongano. Mwishowe, katika hoja ya 33, akatamka kwamba inapingana na asili ya mstari mnyofu. Alikuwa amechukua mistari inayokaribiana bila kukutana, akaihesabu kana kwamba huko mbali isikofika mwisho ina nukta ya kawaida ya kukutania. Tazameni mahali kosa lilipoingia: pale alipolitamani sana jibu.

Mwaka 1868 Mwitaliano mwingine, Eugenio Beltrami, alionyesha kwamba jometri ya pembe kali haina mgongano ikiwa ile ya Euclid haina. Ndani yake hakuna mstatili hata mmoja. Beltrami huyo huyo ndiye aliyekirudisha kitabu cha padre mbele ya wasomi, mwaka 1889.