Wembe, povu na ndevu: namna ya kunyoa bila vipele wala kuazimana maradhi

Foleni ya malori inaporefuka kutoka mpakani Tunduma na kurudi nyuma hadi Mpemba, madereva hulala barabarani, na asubuhi utawaona wakinyoa ndevu kwenye kioo cha pembeni cha gari. Wengi wao hushika wembe mtupu kwa vidole viwili. Maji ni kidogo, sabuni wakati mwingine haipo kabisa, na baada ya hapo shingo inawaka moto kama imepakwa pilipili. Wanaume wa vijijini Ileje, Momba na Mbozi nao hunyoa hivyo hivyo, na vijana wengi hudhani vipele vya ndevu ni maumbile tu, kwamba mtu amezaliwa na ngozi mbaya. Mara nyingi tatizo ni namna ya kunyoa.

Kwanza tukieleze kifaa chenyewe. Wembe ule mwembamba wenye makali pande mbili, ambao kila duka la kijijini linauza mmoja mmoja, haukutengenezwa ushikwe kwa vidole. Ulitengenezwa ukae ndani ya mpini wa chuma wenye kichwa kinachofunguka. Kichwa hicho kina vipande viwili, kifuniko juu na bamba chini. Wembe huwekwa katikati, mpini unakazwa, na wembe unapinda kidogo. Huko kupinda ndiko kunakouimarisha usicheze, na makali yanayobaki nje ni membamba sana, ya kukata unywele bila kuzama kwenye nyama.

Aliyeanzisha biashara hii ni Mmarekani King Camp Gillette, aliyekuwa muuzaji wa kusafiri, akizunguka huku na huko kuuza bidhaa. Kabla yake watu wa Ulaya na Marekani walitumia kisu cha kunyolea chenye mpini wa kukunja, kilichonolewa na kusuguliwa kwenye mkanda wa ngozi. Huku kwetu wahunzi walifua visu vya kunyolea kwa chuma chao wenyewe, na Wanyiha wa Mbozi pamoja na jirani zao Wafipa walijulikana sana kwa kuyeyusha chuma. Visu vyote hivyo vilihitaji kunolewa kila mara. Gillette aliwaza wembe wa bei ndogo ambao ukiisha makali unatupwa. Mafundi walimwambia haiwezekani kunoa bati jembamba namna ile, mpaka mhandisi William Nickerson alipopata njia. Mwaka 1903 waliuza mipini 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata mipini iliyouzwa ilizidi 90,000. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, jeshi la Marekani liliwagawia askari wake vifaa hivyo kwa mamilioni, nao wakarudi navyo nyumbani.

Matundu yaliyoko katikati ya wembe siku hizi yanafanana dunia nzima. Ukipata mpini wa zamani wa babu, au ukinunua mpya mjini, wembe wa duka lolote la Tunduma au la ng'ambo Nakonde utaingia. Mpini mmoja mzuri wa chuma unaweza kudumu miaka mingi, na kinachobaki kununua ni wembe, ambao bei yake haifiki ya soda. Ile mipini ya plastiki yenye makali mawili au matatu hutupwa yote ikiisha, kwa hiyo kwa mwaka inakula fedha zaidi.

Sasa tuje kwenye kunyoa kwenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Unywele mkavu ni mgumu. Ukikaa na maji dakika 2 au 3 huvimba, hulainika, na wembe unapita kwa nguvu ndogo zaidi. Ndiyo maana wakati mzuri wa kunyoa ni baada ya kuoga, au baada ya kushikilia kitambaa cha maji ya moto usoni. Juni na Julai, baridi ya huku kwetu inapokuwa kali, watu huharakisha wakanyoa na maji ya ndoo yaliyolala nje. Maji baridi hayana dhambi, ila yanataka muda zaidi.

Kisha povu. Sabuni ya mche ya kufulia ni kali, inaondoa mafuta yote ya ngozi na kuiacha imekauka. Tumia sabuni ya kuogea. Ifikiche kwenye kiganja au kwa brashi ndogo hadi povu liwe zito kama maziwa mgando, kisha lipake kwa kuzungusha ili liingie kwenye mizizi ya ndevu. Kazi ya povu ni kuufanya wembe uteleze na kushikilia maji yasikauke. Ukiona povu limekauka usoni kabla hujamaliza, paka jingine.

Pitisha vidole kwenye ndevu zako ukiwa hujanyoa. Upande mmoja utahisi laini, upande mwingine zinakwaruza. Ule upande laini ndio mwelekeo wa kuota, na wembe ufuate huo. Shingoni zinaweza kuota kwenda pembeni au hata kwenda juu, kwa hiyo usikisie. Shika mpini karibu na ncha yake, uinamishe kidogo, uache uzito wa chuma ufanye kazi. Usikandamize. Mtu aliyezoea plastiki hukandamiza bila kujua, na kwa mpini wa chuma kosa hilo linatoa damu siku ya kwanza. Pita kwa mikono mifupi mifupi, suuza wembe kila baada ya mapito machache, na kama panahitaji kurudiwa, paka povu tena kwanza. Ukimaliza, suuza kwa maji baridi. Ukijikata kidogo, jiwe la shabu lililoloweshwa maji hukamata damu haraka, ingawa linawasha. Shabu hiyo nayo iwe yako peke yako.

Vipele vinatoka wapi? Nywele za Waafrika wengi zimejikunja tangu ndani ya ngozi. Zikikatwa fupi mno, ncha iliyochongoka inarudi kujichoma ndani, na mwili unaipiga vita kama mwiba. Panavimba, pengine panatunga usaha, na kwa baadhi ya watu panaacha kovu gumu lililoinuka. Ndiyo maana sisi hatuwashauri wenye vipele kutumia makali matatu au manne kwa pamoja. Makali ya kwanza huvuta unywele, yanayofuata huukata chini ya usawa wa ngozi, na huko ndiko unakonasa. Kuvuta ngozi kwa mkono ili unyoe hadi pawe kama kioo huleta matokeo hayo hayo. Wembe mmoja, mapito machache na kuruka siku mbili tatu vinatosha. Vipele vikiwa vingi, acha kunyoa kabisa wiki 3 au 4, au tumia mashine ya umeme na ubakize ndevu kidogo. Na usivikamue wala kuvichokoa kwa pini.

Wembe mmoja utumike mara ngapi? Inategemea ndevu, lakini ukihisi unavuta badala ya kukata, umekwisha. Watu hushangaa chuma kushindwa na unywele. Watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walilichunguza jambo hilo na kuchapisha majibu mwaka 2020. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kama mara 50, lakini unapoinama wakati wa kukatwa hupasua vipande vidogo sana kwenye ukingo wa makali. Makali yenye mapengo ndiyo yanayokwaruza ngozi.

Jambo ambalo hatutalipita haraka ni kuazimana. Katika familia nyingi wembe mmoja hukaa dirishani na kila mtu huuchukua, baba wa ndevu, mama wa kucha, watoto wa kuchonga penseli. Katika jamii nyingi za Tanzania ndugu hunyolewa nywele baada ya msiba, na ni kawaida wembe mmoja kupita kichwa hadi kichwa. Hatusemi mila iachwe. Tunasema kila kichwa kiwe na wembe wake, maana pakiti nzima ya nyembe ni gharama ndogo kabisa katika shughuli za matanga.

Mkwaruzo usioonekana kwa macho unatosha kuacha damu kwenye makali. Virusi vya Ukimwi vinaweza kupita kwa njia hiyo, na homa ya ini aina ya B ni hatari zaidi hapo, kwa kuwa kirusi chake huweza kuishi nje ya mwili, hata kwenye damu iliyokauka, siku 7 au zaidi. Watoto wetu hupata kinga yake kwenye chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wazazi wao wengi hawakuipata.

Kwa kinyozi mambo ni hayo hayo. Mwambie afungue wembe mpya mbele ya macho yako, au nenda na wako mfukoni, haitakuwa dharau. Kufuta mashine kwa pamba ya spiriti kwa sekunde chache hakutoshi, na kile kisanduku chenye taa ya bluu kinafikia pale tu mwanga unapogusa. Meno ya mashine yaondolewe nywele na kuoshwa kwa sabuni, kisha yalowekwe dakika 10 kwenye dawa ya klorini. Kwa Jik ya kawaida ya asilimia 3.5, ni kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo 6 vya maji. Kisha yasuuzwe, yakaushwe na kupakwa mafuta yasishike kutu. Wembe usisafishwe ili utumike kwa mteja mwingine. Utupwe.

Na usitupwe shimoni ukiwa mtupu, wala kwenye takataka za shambani ambako mtoto au ng'ombe ataukuta. Chukua kopo la bati lenye mfuniko, toboa mfereji mwembamba juu, uwe unadumbukiza nyembe zilizokwisha. Kopo moja huchukua miaka kujaa. Likijaa, lizibe na ulifukie kwenye shimo refu.

Ukijikata kwa wembe uliotumiwa na mtu mwingine, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, usilikamue, na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wahudumu wataangalia kama unahitaji dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi, ambazo lazima zianze ndani ya saa 72 na humezwa siku 28. Waulize pia kuhusu chanjo ya homa ya ini na ya pepopunda.